Fumbo la chess nililosema nimeliona Kituku

Wakuu, salamu kutoka Goma. Hili hata mke wangu halijui, na sitaongeza chumvi.

Hapa Ndosho tuko watano tunaopenda chess. Tulikuwa tunakutana Jumapili baada ya misa kwenye karakana ya Papa Deo, fundi cherehani. Yeye kucheza si sana, ni mtunzi wa mafumbo. Anapanga kete, anasema mweupe ashinde kwa hatua tatu, sisi tunaumiza vichwa.

Fumbo moja linamchukua hata mwezi.

Na tuna desturi: likishafumbuliwa, mtunzi lazima aseme wazo alilitoa wapi. Moja alilitoa kwenye kifungo kilichogoma kupita tundu la shati. Ndiyo Papa Deo huyo.

Mimi nikapata programu ya simu inayotunga mafumbo yenyewe. Unabonyeza, dakika moja, tayari.

Nikapeleka moja, nikasema ni langu. Nilitaka sifa tu, basi.

Wakuu, lilikuwa tamu. Mweupe anamtoa malkia bure, halafu askari wa pembeni anamaliza kazi. Watu wakapiga makofi. Papa Deo akauliza:

"Mutoto yangu, hii wazo uliitosha wapi?"

Nikasema nilikuwa Kituku, kando ya ziwa, nawaangalia wavuvi wakigeuza mtumbwi. Uongo mtupu, na ulinitoka bila kukwama.

Jumapili tatu zilizofuata hakupanga hata kete moja. Ya nne alinikabidhi ubao wake na daftari lake la mafumbo.

"Nilienda Kituku siku tatu. Nikaikala pale tangu asubuhi, naangalia mitumbwi yote. Sikuona kitu. Kichwa yangu imeisha, sasa ni weye."

Siku tatu kafunga kazi kwa ajili ya uongo wangu! Nikamwambia ukweli palepale. Bora angenitukana.

Akavuta kitambaa kwenye cherehani.

"Sasa kule Kituku miye nilikuwa natafuta nini?"

Nikamnyooshea ubao na daftari. Kakataa kuvipokea, na Jumapili hatukutani tena.

Programu sina ugomvi nayo, haikumdanganya mtu. Mdanganyifu ni mimi, na najichukia kwa hilo. Ukitumia mashine, sema siku ileile.

Mliowahi kumvunja mtu moyo namna hii, mlimrudishaje? Matusi pia napokea. Daftari lake liko hapa mbele yangu, nusu nzima haijaandikwa.