Kovu la Mume wa Waya

Mimi na kiherehere changu. Hakuna aliyeniomba mimi, mwalimu wa shule, nijifanye fundi, lakini niliponunua lenzi ya kupiga picha za vitu vidogo kwa karibu, ukoo mzima ulijua kabla ya wiki kuisha. Leteni negativu zenu, zile filamu za picha za zamani, niliwaambia, nitawafufulia picha zote.

Waya, yaani shangazi yangu, aliniamini. Alitoka kisiwa cha Rusinga akaja hadi kwangu Migori na mkebe wa majani chai, ndani mna kipande kimoja cha filamu. Picha za marehemu mumewe zilizokuwa ukutani ziliharibiwa na mvua paa lilipong'oka, na alikuwa amekaa miaka mingi bila kuuona uso wake. Alitaka picha moja tu, ya kuwekwa mbele siku ya ibada ya kumkumbuka. Mimi huyo mzee sikumjua. Alikufa nikiwa bado nanyonya.

Nilifunga mapazia mchana kweupe, nikalaza filamu juu ya kibao cha mwanga, kamera ikiwa kwenye stendi inatazama chini. Nikapuliza vumbi, nikabonyeza. Kwenye kompyuta nikageuza weusi ukawa weupe na weupe ukawa weusi, na mwanamume akatokea amevaa koti, anacheka. Nilifurahi jamani! Ila filamu ilikuwa imekwaruzwa vibaya, basi nikashinda hapo nikifuta mikwaruzo mmoja mmoja. Kulikuwa na mmoja mrefu, umeshuka kutoka kwenye nyusi hadi shavuni. Huo ulinitoa jasho, na nilipoumaliza nikajipongeza kwa chai na mandazi.

Nikapitia Homa Bay ikachapishwa kubwa, ikatiwa fremu, na siku ya ibada nikaenda nayo kisiwani kifua mbele.

Waya aliitazama mbele ya wageni wote. Akapitisha kidole kwenye shavu la picha, polepole, halafu akaniuliza kovu liko wapi. Lile la ndoano iliyomchana ziwani mwaka walipooana, ambalo yeye mwenyewe aliliosha kwa maji ya chumvi hadi likapona.

Nilijua papo hapo. Ningesema tu kwamba nimekosea, nitarekebisha, yakaisha. Lakini watu walikuwa wananiangalia, mimi mwalimu, mimi fundi.

"Kamera haidanganyi, Waya," nikasema. "Halikuwepo."

Akaondoa kidole kwenye picha.

"Basi nimeanza kumsahau," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Nami nikakaa, nikala samaki wake, nikaaga.

Picha ya kwanza, yenye kovu, haikupotea; ilibaki kwenye kompyuta. Nimeichapisha, iko kwenye bahasha kabatini, na kila likizo nasema hii sasa naipeleka. Kwenda nimeenda, mara mbili, mikono mitupu. Naona haya, hata kuandika hapa naona haya.

Mara ya mwisho nilimkuta ameketi na wajukuu sebuleni, fremu iko juu yao ukutani. Msichana mmoja akamwuliza kama ni kweli babu alikuwa na kovu usoni, maana baba yake amemwambia hivyo. Waya akamkatiza. Akasema hapana, baba yako amekosea kama nilivyokosea mimi, babu yenu hakuwa na kovu lolote, mwulizeni mwalimu huyu hapa.

Wakanigeukia wote. Nikaitikia kwa kichwa.