Mtu Aliyefungiwa kwa Mama Elsie

Mwaka wa 2003, hakuna mtu kwenye ploti yetu ya Kitengela aliyejua kwamba Ouma hushinda ndani ya nyumba yake. Alifanya zamu ya usiku kiwandani miaka nenda miaka rudi, na mkewe Selpha, Mama Elsie, alituambia kwamba mumewe akitoka kazini hulala kwa kaka yake huko Tuala. Uongo mtupu! Ouma aliingia alfajiri sisi tukiwa bado kitandani, Selpha akamfungia kwa kufuli ya nje, akaenda zake Kajiado kufundisha, na mtoto wao akiwa naye.

Simlaumu sana. Ploti yetu haina adabu. Huyu anafungulia redio, yule anabisha akiomba chumvi, na watu wa kanisa wakijua uko nyumbani hawaondoki bila chai. Mlango wenye kufuli haubishwi na mtu. Lakini usingizi wenyewe ulikuwa wa kuibaiba, na chakula chake kilikuwa soda na mandazi ili macho yasifumbike kazini, kisha ugali baridi asubuhi. Jumapili tukimwona uso umefura, tulisema mshahara umemkubali.

Siku moja mchana, nikianua nguo, nikasikia kishindo ndani mwao, halafu sufuria zikaanguka. Kufuli iko mlangoni. Nikapiga ukemi: "Mwizi! Mwizi kwa Mama Elsie!" Kufumba na kufumbua, ua umejaa watu, kila mmoja na jiwe lake. Dirisha likavunjwa.

Naisenya, anayetuletea maziwa, akatua mtungi wake akasimama mbele ya mlango.

"Nyinyi mko na akili kweli? Mwizi gani anaingia, halafu anajifungia na kufuli ya nje?"

Tukashusha mawe. Ndipo tukasikia mtu anaguna kwa maumivu. Gitonga, jirani yangu fundi wa mbao, akavunja kufuli kwa nyundo. Ouma alikuwa sakafuni, jasho linamtiririka, hawezi kusimama. Tulikuwa karibu kumuua mgonjwa.

Gitonga alimkimbiza hospitalini kwa pikapu, mimi nikimshikilia nyuma. Presha ilikuwa imepanda, sukari pia. Selpha alifika jioni akihema.

"Mugure, ako hai?" akaniuliza, salamu hakuna.

"Ako hai, Mama Elsie. Ameitisha chai ya sukari nyingi, nikamnyima."

Alikaa chini pale pale akalia, nami nikalia, kwa furaha tupu. Sijawahi kushukuru Mungu hivyo.

Daktari aliandika Ouma asifanye kazi usiku tena, na kiwanda kikampa zamu ya mchana. Marupurupu ya usiku yakaenda, na yaende! Sasa alikula kwa wakati, akalala kama watu.

Siku moja jioni nilikuwa kwao. Elsie alikuwa na miaka minne, na siku zote akiwa nyumbani aliongea kwa kunong'ona. Sisi tulidhani ni haya. Aliingia mbio akiimba wimbo wa shule, akamwona babake kwenye kiti, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Ouma alimtazama mpaka machozi yakamlengalenga.

"Imba, nyathina, mwanangu," akasema. "Baba ameshaamka."

Akaimba, tena vibaya sana, na hakuna aliyemnyamazisha.