Opereta Avuka Visiwa

Wiki nzima opereta wa simu wa hospitali huunganisha watu na shida zao. Leo, siku yake ya mapumziko, ameazima kayaki ya jirani na kupiga kasia peke yake hadi kisiwa cha tatu. Mabega yanawaka moto, midomo imekauka kwa chumvi, naye anacheka kama mwehu. Cha nne kile pale, kinamwita!

Simu ikalia mfukoni. Wifi yake.

"Uko wapi wewe? Wageni wameshafika, nani atapika?"

Opereta akalainisha sauti, ile ya kazini. "Tafadhali subiri kidogo, nakuunganisha na kaka yako."

Akaizima simu, akarudi majini mbiombio.