Mama Vita na kifua cha Jenerali

Saa tatu asubuhi. Makochi yamesukumwa ukutani, na katikati ya sebule mwanamume mwenye kitambi amesimama juu ya gazeti, mikono ameitanua. Juu ya fulana yake amezungushiwa nailoni nyembamba, ile ya kufunikia vyakula, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Mwanamke mwembamba mwenye miwani anamzunguka akibandika selotepu pana juu ya nailoni, na kila kipande anakikata kwa meno.

"Achia tumbo," anamwambia.

"Nimeachia, mama."

"Hujaachia, umelibana. Hapa hakuna mchumba anayekuangalia. Achia!"

Mwanamume anaangua kicheko, na tumbo linajitokeza lenyewe. Hapo hapo fundi anapitisha selotepu kitovuni, haraka, kabla halijarudi ndani. Huo ndio ujanja wake. Anasema hajawahi kumpima mteja ambaye hajamchekesha kwanza, kwa sababu mtu aliyenuna hupimika mwembamba kuliko alivyo.

Mtaani wanamwita Mama Vita, ingawa majirani wanaapa hajawahi kugombana hata na paka. Jina limetokana na kazi yake. Anatengeneza mavazi ya vita ya waigizaji: dirii za kifuani, chapeo za kichwani, vikinga mabega na vikinga miguu. Kwa mbali utadhani ni chuma kilichofuliwa na mhunzi. Ukivishika unakuta ni sponji ngumu, ile ile inayotengenezewa ndala, ambayo hununua mabaki yake kiwandani kwa kilo.

Mteja anageuzwa. Mama Vita anaingiza mkasi wenye ncha butu chini ya nailoni na kuipasua mgongoni kuanzia juu hadi chini. Nailoni na selotepu vinatoka pamoja, vigumu kidogo, vikiwa na umbo kamili la mwenyewe, kitambi na yote. Yeye huliita ganda. Mteja analitazama na kuguna.

"Mama, ndivyo nilivyo kweli?"

"Hivyo hivyo. Na dirii itakaa hivyo hivyo, utanishukuru."

Ganda likishachorwa mistari ya kalamu hukatwa vipande. Vipande hulazwa juu ya sponji, sponji hukatwa kwa wembe, hupashwa joto la pasi mpaka ilegee, kisha hukunjwa juu ya paja la fundi mwenyewe ili ipate mviringo. Gundi ya viatu huunganisha. Rangi ya fedha huja mwisho, na masizi kidogo ya sufuria kwenye mikunjo, ili dirii ionekane imeshapigana.

Kabla ya haya alishona sare za shule kwa miaka kumi na tisa. Alianza kazi hii siku kundi la maigizo lilipomletea joho la mfalme lipunguzwe. Mwigizaji mmoja alikuja amevaa dirii ya bati, na kila akiinua mkono bati lilimkata kwapani.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema. "Nikamuuliza, baba, hicho kitu kilipimwa kwa mtu au kwa pipa? Akaniambia, kama wewe unaweza, tengeneza. Basi nikashindwa kulala nyumbani kwangu kwa ajili ya bati la watu."

Aliharibu sponji nyingi kabla ya kugundua kosa lililokuwa likimsumbua. Alikuwa anapima kama fundi wa sare, yaani mtu amesimama wima kama mlingoti. Lakini askari wa jukwaani anachuchumaa, anapiga magoti, anainua upanga, anaanguka na kufa, na akishakufa lazima alale bila dirii kumpanda mpaka puani. Siku hizi kila mteja anapimwa amesimama, amekaa, amepiga magoti na ameinua mikono. Wengine huwaambia waende wakale kwanza, warudi wameshiba.

Jicho lake halikosei. Mwandishi wa makala haya alikuwa hajamaliza hata kujitambulisha alipoambiwa kwamba bega lake la kushoto liko chini kwa nusu inchi, na kwamba ahamishie begi upande wa pili. Utepe wa kupimia ulipopita, ikawa nusu inchi kamili.

Mwezi mzuri anatengeneza seti tatu. Upo mwezi ambao hapati hata moja, na hapo anarudi kwenye sare bila kinyongo. Seti moja humchukua siku tisa. Mikono yake ina makovu madogo ya pasi kuanzia kiganjani mpaka kiwikoni, na anayaonyesha kwa majivuno kabisa.

Ukutani, kwenye misumari, vinaning'inia vipande vya maganda vilivyofungwa kwa kamba, kila fungu na jina lake: Bonge, Malkia, Mrefu, Askari wa Tatu. Mafungu thelathini na moja. Lililo kubwa kuliko yote liko karibu na dirisha, nailoni yake imeshageuka njano. Limeandikwa Jenerali.

Jenerali ni mumewe.

Kwa kazi ni mwashi, na nusu ya kuta za mtaa huu zimepita mikononi mwake. Kila mwaka, kwa miaka minane, kundi la maigizo la hapa limecheza mchezo mmoja mrefu wenye jenerali mzee anayekataa kuukabidhi mji wake, na jenerali huyo alikuwa yeye. Kifua chake kilikuwa inchi arobaini na nne. Watoto wa mtaa walimpigia saluti akitoka dukani na mkate.

Mwaka jana akaugua tumbo. Akapasuliwa, akakaa kitandani miezi kumi na moja, na mchezo ukachezwa bila jenerali wake. Alipoinuka, suruali zake zote zilihitaji kamba.

"Uigizaji haukuwa unanitia wasiwasi," anasema Mama Vita. "Maneno yote anayo, hata akiwa na homa alikuwa anayasema. Kilichonitia hofu ni macho yake. Alikuwa anajipita kwenye kioo kama anampita mtu anayemdai."

Mwongozaji wa kundi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikubali kumrudisha, lakini hakuficha neno. Kama Jenerali hataweza kumaliza zoezi la mavazi kamili, nafasi itachukuliwa na kijana mmoja fundi baiskeli, ambaye ameshapewa maneno ayakariri.

Hapo ndipo fundi asiyekosea alipokosea.

Hakumpima. Aliishusha dirii ya zamani kutoka juu ya kabati, ile ya inchi arobaini na nne, akaijaza sponji kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka nafasi yote ikajaa. Kwa nje mumewe alionekana yule yule wa zamani, na Mama Vita akaridhika.

"Sikutaka nimzungushie utepe," anasema. "Mimi nikipima nasoma kwa sauti, binti yangu anaandika. Ndiyo desturi ya hapa. Sasa ningesomaje? Nikaona bora nimfichie."

Jumamosi iliyopita, kwenye mazoezi, Jenerali alipiga magoti kuubusu upanga wake. Yeye alishuka, dirii ikabaki juu. Ukingo wake ukamgonga meno, kisha ukamfunika mpaka kwenye pua, na kutoka ndani ikasikika sauti ikiendelea na hotuba. Kundi zima likavunjika mbavu. Naye alicheka, tena sana. Alipotaka kusimama, uzito wa zile sponji ukamvuta mbele, akashikilia kiti.

Nyumbani hakucheka. Aliketi kitandani na kumwambia mkewe maneno ambayo Mama Vita anayarudia polepole, miwani ameishika mkononi.

"Aliniambia, mama watoto, umenivisha mtu mwingine."

Kesho yake, Jumapili mchana, Jenerali alisukuma makochi ukutani mwenyewe. Akatandika gazeti, akasimama juu yake na fulana yake, akatanua mikono. Binti yao, mwalimu wa chekechea, akaitwa na daftari.

"Baba alikuwa tayari, mama ndiye aliyekuwa anachelewa kuanza," anakumbuka binti huyo. "Akazungusha utepe kifuani, akaangalia namba, hakuisoma. Mimi na kalamu yangu nasubiri. Baba akasema, soma. Mama akasema, nitaandika mwenyewe baadaye. Baba akasema, soma kwa sauti, kama unavyowasomea wengine."

Mama Vita akasoma. Thelathini na sita.

"Andika, mwanangu," baba akasema. "Thelathini na sita. Haya, endelea, na kiuno kiko wapi?"

Binti anasema baada ya hapo mambo yakawa mepesi kwa namna ambayo hakuitegemea. Baba akaanza kutania kila namba. Mkono ulipopungua inchi mbili alisema hizo amezikopesha saruji. Ganda lilipotoka aliliinua, akachungulia ndani yake na kusema, "Kumbe bado nipo."

Mama Vita alitaka kutengeneza dirii mpya. Mumewe akakataa katakata. Dirii ile ina alama za mapanga ya mbao ya miaka minane, na kila alama anamjua aliyeipiga. Akataka hiyo hiyo ikatwe.

Jumatatu akaikata. Fundi huyu amekata sponji maelfu ya mara, lakini anakiri kwamba siku hiyo aliinua wembe na kuushusha mara tatu. Mara ya nne akapiga moyo konde. Akatoa inchi mbili na nusu chini ya kila kwapa na inchi tatu mgongoni, akashusha mabega, akalegeza ukingo wa shingo ili kidevu kipate pa kupita. Sponji zote za kujaziliza akazing'oa. Dirii iliyokuwa na uzito wa karibu kilo tatu ikabaki kilo moja na nusu.

Leo, Alhamisi, ni zoezi la mavazi kamili. Saa tisa alasiri ukumbi una joto, viti vya plastiki vimepangwa nusu, na fundi baiskeli ameketi mstari wa mbele na karatasi zake, midomo ikichezacheza. Mama Vita amesimama pembeni mwa jukwaa. Kwa mkono mmoja ameshika bakuli la chakula lenye mfuniko, kwa mwingine sindano yenye uzi, kana kwamba sponji hushonwa.

Jenerali anaingia. Ukweli usemwe: ni mdogo kuliko zamani, na hakuna rangi inayoweza kulificha hilo. Lakini dirii imemkaa. Inapanda na kushuka na pumzi yake, na anapogeuka inageuka naye. Ni mzee aliyebakiwa na kifua kidogo na anaulinda mji kwa hicho hicho, na mwandishi, aliyekuja kutazama mavazi, anajikuta amesahau kuandika.

Anafika kwenye magoti. Mama Vita anafumba macho.

Goti la kwanza linashuka, la pili linafuata, na dirii inashuka naye kama shati. Anaubusu upanga. Hotuba inatoka yote, neno kwa neno, kidevu kikiwa huru. Kisha anatakiwa kusimama bila kushika kitu. Anakawia kidogo. Anasimama.

"Tena!" anapaza sauti mwongozaji. "Nataka kuona mara tatu!"

Anafanya mara tatu. Ya tatu ni ya taratibu, lakini anasimama.

Mwongozaji anamgeukia fundi baiskeli. "Wewe rudi kwenye kundi la askari."

"Asante sana," anajibu kijana huyo, akipumua kwa nguvu. "Hata nusu ya yale maneno nilikuwa sijayashika."

Watu wanacheka, Mama Vita hacheki. Anafuta miwani kwa ncha ya kanga, anaivaa, anaifuta tena. Alipoulizwa anajisikiaje, alisema ana furaha mpaka tumbo linamuuma, na kwamba mwandishi aliandike hilo hivyo hivyo.

Ana mipango mingine. Anataka chumba cha kazi ili makochi yapumzike, na anataka kuwafundisha mafundi cherehani watatu wa mtaani kazi ya maganda, maana maombi yamezidi mikono yake. Lakini hayo anayaeleza kwa haraka, macho yakiwa kwa mumewe, ambaye ameketi ukingoni mwa jukwaa akisubiri kuvuliwa.

Anaifungua mikanda ya ubavuni mmoja mmoja. Ni mikanda ya mabegi ya zamani, yenye matundu na chuma cha kufungia. Kwa wateja wote huwa anatoboa matundu matatu tu, kwa msumari wa moto, kwa sababu anasema akishapima amepima. Mkanda wa Jenerali una matundu tisa. Matatu yanalingana na mwili wake wa leo. Sita yanafuatana kuelekea nje, safi, hayajawahi kuguswa na chuma.

Na haya mengine ni ya nini, mwandishi anamuuliza Mama Vita.

"Ya kunenepa," anajibu.

Anaibana dirii kwapani, anafunua bakuli na kumtia mumewe kijiko mkononi.

"Ule, baba. Na umalize."

Jenerali anachungulia bakuli, anaangalia mkanda, anayahesabu matundu kwa kidole hadi la mwisho. Kisha anaanza kula.