Udi Kwenye Glavu za Zuwena

Nlifungua zipu ya lile begi kubwa jeusi nikitaka kulipangusa vumbi tu. Limekaa stoo tangu mjukuu wangu Zuwena aende kusoma nje. Harufu ya udi na harufu ya jasho zikanirukia usoni pamoja, kama paka aliyefungiwa kabatini. Nikakaa pale pale sakafuni, na goti langu hili bovu, nikazipakata glavu zake. Binti yangu Muna akanikuta.

"Mama, unalia?"

"Silii. Udi umeniingia machoni."

"Udi gani? Hata chetezo hakijawashwa."

Basi nikuelezeni huo udi, maana bila ya huo hamtonielewa. Nyumba yetu hapa Azaiba, Maskati, ina udi wake. Naupika mwenyewe, kwa sukari na marashi na msandali na vitu vingine viwili nisivyovitaja hata kwa Muna, kama alivyoupika mama yangu Unguja. Watu wetu ndivyo tulivyo, kila nyumba na mkono wake. Nipe mtandio wa mtu niunuse, ntakwambia umetoka kwa Bi Raya wa Sidab au kwa Bi Sheikha wa Bustan. Na nguo yoyote inayotoka mlangoni kwangu lazima ipite juu ya chetezo kwanza. Kanzu za wanaume, abaya, sare za skuli. Zuwena alipoanza kucheza magongo ya barafuni, na zile nguo zake nkazifukiza, mpaka kofia ngumu yenye chuma usoni, mpaka glavu.

Nasema magongo ya barafuni, na najua mnacheka. Hata sisi tulicheka. Mtoto aliona sinema ya mvulana mmoja wa nchi za baridi, anateleza na gongo lake, anaanguka, anainuka, baba yake hamtaki, na mwisho wake anashangiliwa na mji mzima. Aliirudia mpaka sote nyumbani tukaihifadhi. Siku moja akamwambia baba yake, mwanangu Nasser, kwamba na yeye anataka kucheza vile. Nasser akasema, "Maskati hii? Barafu yetu sisi imo ndani ya jagi la sharubati." Kumbe ilikuwako. Ndani ya jengo la maduka, nje jua linakaanga watu, mna uwanja mzima wa barafu, na watoto wamevaa viatu vyenye kisu chini wanakimbizana na kidude cheusi kama kitumbua kilichoungua. Nasser mwenyewe ndiye aliyempeleka siku ya kwanza.

Mimi sikusoma sana. Qur'ani nlihitimu, skuli nlikaa mpaka nkaweza kuandika jina langu na la baba yangu, basi. Lakini majina ya watu hayanitoki. Kocha wao alikuwa kijana akiitwa Mundhir. Mbele wakicheza Azzan na Haitham, nyuma Qais na ndugu wawili, Ilyas na Idris, na Idris ndiye mwenye mdomo. Golini Zuwena, msichana peke yake.

Mambo yakaenda vizuri mpaka Zuwena alipobaleghe. Ijumaa moja wanaume wamekaa kwenye sinia, ami yake Nasser, Said, ndugu wa marehemu mume wangu, akapangusa mkono wake akasema, "Nasser, binti yako atasukumana na vijana mpaka lini?"

Nasser akameza tonge lake.

"Hapana, Ami. Keshaacha. Amekuwa mkubwa sasa."

Keshaacha! Na Zuwena yuko nyuma ya pazia na jagi la maziwa ya laban mkononi, anasikia kwa masikio yake kwamba keshaacha. Hakulia. Alinitazama mimi tu, nami yale macho nkayajua, maana yalikuwa macho yangu.

Mimi utotoni nlikuwa bingwa wa rede. Vijana wa leo hawaijui. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, wewe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa, nao wanakulenga. Ukipigwa umetoka. Mtaani kwetu hakuna aliyeweza kunipiga, si Nunu, si Time, wala Mwanakombo aliyekuwa na mkono kama wa baharia. Halafu nkavunja ungo. Mama akaniita ndani, akanambia kuanzia leo barazani basi, na baba yangu akisikia nimecheza njiani atanichuna ngozi. Na baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno ya bure.

Lakini alasiri moja Mwanakombo alikuja dirishani akaanza kujigamba kwamba nimemkimbia. Mama alikuwa kwa jirani. Nkatoka. Nkaingia katikati, chupa imefika shingoni, na nilipoinua macho nkamuona baba anatokea pembe ya kichochoro, anarudi msikitini. Mpira ukapita sikioni kwangu sikuusikia. Baba akasimama. Akageuka akautazama mlango wa kina Nunu, akautazama kwa makini, vile vinjumu vyake vya shaba na kufuli yake, kama mtu anayetaka kuununua. Kisha akarudi alikotoka, akazungukia njia nyengine. Nkaijaza chupa. Nlicheka mpaka mbavu zikaniuma. "Baba hakuniona!" nkamwambia Mwanakombo. "Baba macho yake hayafiki mbali!" Kesho yake mama akamleta somo wangu anifunze mambo ya kikubwa, na rede sikuicheza tena. Lakini ile alasiri nlikaa nayo miaka yote kama kitu nlichokiiba nisikamatwe.

Kwa hivyo Alkhamisi iliyofuata, Muna alipoleta gari yake nyuma ya nyumba kumpeleka Zuwena barafuni kwa siri, nami nkavaa abaya yangu nkapanda. Sikumdanganya Nasser, hakuniuliza. Alisema mara moja tu, tumekaa tunakunywa kahawa, "Mama, gari ya Muna siku hizi inanuka kama nyumba yetu."

"Kwani ulitaka inuke kama nyumba ya nani?"

Akatafuna tende yake.

Ikaja siku ya mechi na watoto kutoka Dubai. Nlikaa kwenye kiti cha plastiki nimevaa soksi za marehemu mume wangu, sweta juu ya abaya, na bado meno yananigongana. Wageni walikuwa wakubwa, na mmoja mrefu kupita wote. Kila akipita golini anavuta pumzi kwa makusudi, anawapigia kelele wenzake kwa Kiarabu, "Huyu kipa wao bibi harusi! Ananukia udi!"

Idris akamjibu, "Bora yeye anukie harusi. Wewe unanuka shawarma ya jana."

Zuwena yumo ndani ya kofia yake, chuma usoni. Hawakujua kama ni msichana. Wakafunga moja, wetu wakarudisha, mabao yakawa sawa mpaka mapumziko ya mwisho. Watoto wakaingia chumbani kwao. Mimi nkainua macho ng'ambo ya kioo, nkamuona Nasser.

Kavaa dishdasha, ile kanzu yake ya wizarani, kofia kichwani, ufunguo wa gari mkononi. Damu yangu ikawa baridi kuliko ile barafu. Muna akanishika mkono. "Mama, nani kamwambia?" Nani angemwambia? Tukamuona anazunguka uwanja taratibu, anakuja upande wetu, mpaka akafika kwenye ule ujia wanaopita wachezaji. Hapo akasimama. Na watoto wakaanza kutoka.

Azzan akapita, Haitham akapita, Qais, wale ndugu wawili. Wa mwisho alikuwa Zuwena, na ule ujia ni mwembamba, na kipa na mavazi yake ni mpana kama kabati. Alipomuona baba yake alikwama. Walikuwa karibu kiasi cha glavu kugusa dishdasha, na ule udi, ndugu zangu, mimi nliusikia nlipokaa. Hakuna mtu duniani aliyezaliwa ndani ya udi ule, akanyonya ndani yake, akaolea ndani yake, kisha akapitiwa nao puani asijue ni wa nani.

Muna alikuwa keshainuka. Nkamvuta akakaa.

Nasser akasogea ukutani, akampisha. Akageuza uso akalitazama duka la saa lililokuwa nyuma yake. Akalitazama kwa makini. Na duka lenyewe limefungwa, limeteremshwa bati mpaka chini.

Zuwena akapita.

Nlidhani nimepona, kumbe bado. Mtoto aliingia golini macho yako kwa baba yake, na shuti la mwanzo likampita katikati ya mapaja, bao ambalo hata mimi ningelizuia kwa mkongojo. Wale wa Dubai wakaimba, "Bibi harusi! Bibi harusi!" Haitham akarudisha, tukawa sawa tena. Nasser kasimama vile vile, mikono nyuma. Halafu, zimebaki dakika za kuhesabika, Qais akaanguka, na yule mrefu akatoka na kidude peke yake, hana mtu mbele yake ila mjukuu wangu.

Sijui niliita nini. Muna anasema niliita, "Kwepa, kwepa!" kama niko kwenye rede, na kipa kazi yake si kukwepa. Zuwena hakukwepa. Alitoka golini akamwendea, akajitanua, yule akapiga juu, na ile glavu ya kushoto ikaruka ikajifumba. Wote wanatafuta kidude kiko wapi. Akaifungua glavu, nacho kimo ndani.

King'ora kikalia, tumetoka sare. Na hapo Muna akaninong'oneza neno lililonimaliza, "Mama, sasa watavua kofia wapeane mikono."

Nilikuwa nimesahau. Nasser aliwaambia watu kwenye sinia kwamba binti yake keshaacha. Alichokiona mpaka pale ni kofia na chuma, uso hajauona. Zuwena alishika kofia yake kwa mikono miwili, hakuivua. Wenzake wote washavua. Akainua kichwa, akatazama pale alipokuwa baba yake, na mimi nkatazama. Hapakuwa na mtu. Alikuwa keshaondoka.

Basi akavua. Ule msuko wake ukaanguka mpaka kiunoni, na yule mrefu mdomo ukabaki wazi. "Msichana!" Kisha akampa mkono kwa adabu zake zote.

Nyumbani tulimkuta Nasser kakaa sebuleni anatazama habari. Tukasalimiana. Zuwena akapita nyuma yake na begi, ananyata kama mwizi, na baba yake bila ya kugeuka akasema, "Mama, udi wako utie miski zaidi. Jasho linaushinda."

Zuwena akasimama. Akanitazama. Nkamfanyia ishara aende zake juu, asije akasema kitu akaharibu.

Neno lile la kwenye sinia Nasser hajalifuta mpaka leo, na Zuwena hakuacha kucheza mpaka alipoondoka. Wiki ya pili yake nkaliona begi limo ndani ya gari ya Nasser. Alisema gari ya Muna ni ndogo.

Lakini mimi siku ile ile ya mechi nlikwenda jikoni kutia kahawa, nkasimama na dele mkononi, na kichwani mwangu naliona lile duka la saa na bati lake. Halafu nkauona mlango wa kina Nunu. Baba yangu aliupita mlango ule kila siku ya maisha yake, asubuhi na jioni. Alikuwa na haja gani ya kuutazama?

Yeye amelala Unguja, na mimi niko huku, siwezi kumuuliza tena. Leo nimezitia glavu miski, nkazirudisha begini.