Ukurasa Ndani ya Maji

Shangazi yangu mtaa mzima ulimwita Bi Gundi, kwa sababu kwa miaka thelathini vidole vyake havikuwahi kukauka gundi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza karatasi kuukuu katika jumba la kumbukumbu. Ukurasa uliotafunwa na mchwa anaulaza kwenye sinia la maji, uchafu unatoka, anauopoa kwa kitambaa, anaubandika karatasi nyembamba mgongoni. Nusu saa majini inatosha. Ukizidisha, umepata uji. Nami nilikuwa nafagia jumba hilohilo, kwa hiyo msiniulize haya nimeyajuaje.

Mwaka wake wa mwisho kazini walimletea daftari la watumwa wa nyumba kubwa moja ya zamani, litengenezwe kwa maonyesho ya Ijumaa. Akafika ukurasa fulani, akanyamaza siku nzima, yeye ambaye hata na kabati huongea. Palikuwa na mstari: msichana, mrefu, kovu begani, mkono wa kushoto vidole sita.

Sasa, Vidole Sita ndio sisi. Kila kizazi chetu huzaliwa na kijidole cha ziada, kikafungwa uzi, kikaanguka, kikabaki kinundu. Hakuna asiyejua. Na baba yangu, mdogo wake Shangazi, amezeeka akiwahadithia watu kwa kinyozi kwamba mababu zetu walikuwa wafanyabiashara wa vitambaa, walikuja na masanduku yao na wapagazi wao. Wapagazi, jamani! Kwetu neno utumwa lilinong'onwa kama jina la ugonjwa.

Baba aliposikia, aliingia chumba cha kazi bila hodi.

"Dada, funika kombe mwanaharamu apite. Uache ukurasa majini upitilize muda, useme umesahau. Umri umekwenda, nani atakulaumu?"

"La kuvunda halina ubani, mdogo wangu."

"Na mimi Ijumaa nitaficha wapi uso? Heshima yangu yote ni hiyo."

Nilimwona Shangazi anamhurumia, na huruma ile ilinikera.

Alhamisi mchana akautia ukurasa majini, akakaa kuutazama. Joto lilikuwa zito, feni inajizungukia kivivu. Anasema alisinzia, au hakusinzia, mwenyewe hajui. Chumba kilijaa maji hadi kifuani, vuguvugu, yasiyolowesha nguo. Ng'ambo ya meza alisimama msichana mrefu, amempa mgongo, bega lina kovu. Akaanza kwenda zake, taratibu, na maji hayatoi sauti. Shangazi alitaka kumwita arudi. Akafungua kinywa, hajui aite nani. Akalia kwa aibu, ndani ya ndoto yake mwenyewe.

Alipozinduka maji yalikuwa rangi ya chai, na saa nzima imepita. Mimi nilikuwa mlangoni na fagio langu. Aliingiza mikono yote miwili, akauinua ukurasa umelegea kama utando wa maziwa, hapumui, nami sipumui. Kona moja ilibaki kwenye sinia. Mstari ule ulipona.

Sikutegemea Baba angekuja Ijumaa, lakini alikuja, amevaa koti lake la sherehe, mkono wa kushoto mfukoni. Alisimama mbele ya kioo kilichofunika daftari, akasoma jina la mwenye nyumba, la baba yake, la babu yake, na vyeo vyao, kwa mwandiko wa madaha. Akashuka kwenye mstari wetu. Akasoma, akarudia.

"Dada," akasema, "hapa penye jina lake, pameliwa na mchwa?"

"Hapana. Hapo karatasi ni nzima. Hawakumwandika."

Baba alikuwa amekuja na hofu ya jina kusomwa mbele za watu, maskini, na jina lenyewe halipo. Mama mmoja mgeni akasogea, akainama kwenye kioo, akamuuliza kwa adabu kama anamfahamu huyo msichana.

"Ni bibi yetu," Baba akasema. "Jina lake hatulijui."