Ndovu Aliyekatwa Mkonga

Ndovu niliyemchora mimi alizinduliwa Kitale kwa jina la mwanamke mwingine, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nimeshika birika la chai.

Mwanamume aliyenifanyia hivyo nilikuwa nimeishi naye miaka kadhaa nyuma ya karakana yake, kando ya barabara ya kwenda Endebess. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, hodari kwa mikono na hodari zaidi kwa mdomo. Alikuwa ameanza kuunda magari madogo ya shambani: injini ya pikipiki, magurudumu manne, kibanda cha dereva, na nyuma nafasi ya kubebea magunia ya mahindi au mitungi ya maziwa. Mimi nilikuwa mchoraji wa mabango, na nilijua pia kuyeyusha alumini na kuimimina kwenye kalibu ya mchanga, kazi niliyofunzwa na baba. Harusi ya kanisani hatukuwa tumefunga. Aliahidi, nikangoja.

Magari yalikuwa mazuri ila hayakuwa na uso. Wateja walikuwa wakiyabandika nembo walizong'oa kwenye magari yaliyokufa. Siku moja askari wa trafiki alilisimamisha moja, akaona duara tatu zilizofumana pale mbele, akacheka mpaka akashika kofia. "Hii nayo ilizaliwa Japani ama ilizaliwa nyuma ya choo ya mtu?" aliuliza. Mzee wangu, aliyekuwa ndani yake, alirudi nyumbani amekunja uso. Hakugusa chakula.

"Mama," aliniambia, "nitengenezee kitu yetu. Kitu mtu akiiona akiwa mbali, anajua ni sisi."

Nilijua mara moja kitakuwa nini. Nyanya yangu mzaa baba alizaliwa mlimani, juu ya Cheptais, na tulipokuwa wadogo alikuwa akitusimulia habari za ndovu wa mlimani. Alisema huingia mapangoni, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, na huko ndani hukwangua mwamba kwa pembe ili wapate chumvi. "Ndovu wa kwingine hula majani," alikuwa akisema. "Wa kwetu hula mlima." Nilitaka ndovu huyo: kichwa peke yake, kikionekana kwa upande, ameinama, mkonga umeshuka hadi chini na pembe imegusa jiwe.

Kumchora haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kumpunguza. Wa kwanza alikuwa na makunyanzi, kope na masikio yenye mikunjo. Alipendeza kwenye karatasi, lakini nilipommimina kwa alumini, mikunjo ya masikio ilijaa matope siku ya kwanza tu, na ncha ya pembe ikavunjika dereva alipoifuta kwa kitambaa. Nikaondoa makunyanzi. Nikaondoa jicho, nikaacha tundu. Nikanenepesha pembe na kuiunganisha na mkonga ili vishikane. Mwishowe ilibaki mistari michache tu, na bado ukimwona kutoka ng'ambo ya barabara, mvua ikinyesha, ulijua huyo ni ndovu na ana kazi anayofanya. Kielelezo chake, kile kinachokandamizwa mchangani ili kuacha umbo, nilikichonga kwa mti wa msonobari. Alumini ilikuwa ya sufuria kuukuu na pistoni za matrekta. Nilipofunga skrubu ya mwisho kwenye gari la kwanza, mzee alilizunguka mara mbili, akanipiga begani kama anavyompiga fundi mwenzake. Nilifurahi kuliko kama angenikumbatia.

Magari yakaanza kutafutwa. Akatokea mfanyabiashara mmoja aliyempa kiwanja kikubwa cha karakana mpya, na siku ya kuifungua wakaja wachungaji, wauza nafaka, machifu na redio ya mtaani. Mimi na wanawake wengine tulipika tangu alfajiri. Mtangazaji alimuuliza, "Na hii nembo, mzee, ilitoka wapi?"

Akasema, "Nembo hii ni kazi ya mke wangu."

Nilitua birika chini. Nilifuta mikono kwenye leso na kuiweka sawa kiunoni, kwa sababu nilifikiri ataniita mbele. Ndipo nilipoona mkono wake uko wapi. Ulikuwa begani mwa binti wa yule mfanyabiashara, aliyevaa kitenge kipya, na kilemba chake kimefungwa juu kama cha bibi harusi.

"Aliota ndovu usiku," mzee aliendelea, "akaamka, akachora."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke aliyesimama kando yangu, ambaye alikuwa ameniona nikichonga ule mti wiki baada ya wiki, aliinamisha macho akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Jioni nilimkabili jikoni. "Hiyo ni maneno ya redio tu," alisema. "Usiichukulie hivyo."

"Na hilo la mke, nalo ni la redio?"

Kisha akapandisha sauti. "Ndovu ni ndovu bana! Kwani ni wewe uliumba ndovu?"

Nilichukua patasi na tupa zangu, nikarudi kwa mama yangu Bungoma. Kile kielelezo cha mti alikuwa amekifungia ofisini mwake.

Mama aliniambia nimwachie Mungu. Nilimjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi. Nilifungua kibanda cha mabango na umiminaji karibu na soko, nikachora vinyozi, samaki na majeneza, na kila gari lenye ndovu lilipopita nilisikia kama mtu amenitemea mate. Ningeweza kuzoea magari. Nisichoweza kukizoea ni hadithi, kwa maana ile hadithi ilikuwa ikikua. Kwenye simu za watu nilimwona mzee akieleza kwamba katika ndoto ile ndovu alizungumza. Baadaye ndovu akawa amemtokea mkewe akiwa amefunga na kuomba. Jumapili moja mhubiri mgeni kanisani kwetu aliitumia kama mfano wa maono, na mimi nimekaa kiti cha tatu nikiambiwa niseme amina. Sikusema.

Kisha akaja mtu wa mauzo wa karakana ya mzee. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mkoba wa ngozi, aliyeajiriwa juzi na hakunijua. Alitoa nembo mfukoni akaiweka mezani kwangu. Kielelezo cha kwanza kilipasuka, alisema, sasa wananakili nembo kuukuu, na fundi wanayemtumia anamimina vibaya. Je, naweza kuwachongea kielelezo kipya, na niwamiminie za kutosha magari yote?

Niliigeuza ile nembo mkononi. Walikuwa wamenakili nakala ya nakala. Ukingo ulikuwa umelika, jiwe limekuwa kama donge la ugali. Nilimtambua ndovu wangu kama unavyomtambua mtu wako baada ya ugonjwa mrefu.

"Madam, mdosi anataka iwe ya kisasa," alisema. "Ati iwe nyepesi, isiwe na mambo mengi."

"Nitamfanyia ya kisasa," nilisema.

Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote maishani mwangu. Mkonga niliukata. Sikuukata wote, hapana. Niliufupisha, nikauinua kidogo, nikauacha bapa mwishoni. Pembe niliirudisha ndani ikabaki kijino. Sikio nililikunja mbele kidogo. Jiwe nililizungusha. Kila badiliko peke yake lilikuwa dogo, na ungeniuliza ningekupa sababu ya kila moja: hii haitavunjika, hii haitashika tope. Lakini nilipomaliza nilisogea hadi mlangoni, nikamtazama kutoka mbali, na aliyenitazama alikuwa nguruwe anayenusa kiazi.

Mtu wa mauzo alimpiga picha akamtumia mdosi wake, yaani mzee. Jibu lilikuja kabla hajamaliza soda: *Sawa. Hiyo ni poa.* Yule mtu aliyejidai kulala kitanda kimoja na ndoto ya ndovu alikuwa hajawahi kumwangalia ndovu mwenyewe. Nikamimina zote, nikazing'arisha, nikazifunga kwa magazeti.

Aliyesema wa kwanza alikuwa muuza maziwa wa Endebess. Alilipokea gari lake jipya mbele ya watu, akainama, akasema, "Mbona mmeniwekea nguruwe?" Mtu alikuwa akirekodi. Kufikia mwisho wa wiki video ilikuwa imefika Bungoma ikiwa imewekewa mkoromo wa nguruwe, na pale Misikhu kina mama wa sokoni walikuwa tayari wamesahau jina halisi la gari. "Pakia mahindi kwa nguruwe," walisema. "Nguruwe ya saa nne imeenda?" Mfanyabiashara mmoja wa nafaka, Mwislamu, aliyakataa magari aliyokuwa ameagiza, akasema kwa heshima kabisa kwamba hawezi kuegesha hilo mbele ya duka lake. Wengine wakafuata, wasio hata na sababu ya dini. Hakuna anayependa kuchekwa akiwa ameshika usukani.

Nilicheka peke yangu kibandani mpaka mbavu zikaniuma. Sitadanganya kwamba moyo ulinisuta.

Mzee alikuja mwenyewe mchana wa siku ya soko, na mkewe nyuma yake. Alikuwa amenenepa shingo. Alisimama mlangoni akiangalia mabango yangu, na nadhani ni hapo tu alipojua ni nani aliyemmiminia.

"Ni wewe," alisema.

"Karibuni. Kiti ni kimoja, akae mama."

Mwanamke alikaa. Mzee akaanza kufoka: nimemharibia, nimemroga, atanipeleka mahakamani. Nilimwacha aishiwe pumzi.

"Utamwambia hakimu nini?" nilimuuliza. "Kwamba mkeo aliota ndovu, nikamchora vibaya? Atamwambia aje achore yeye mwenyewe. Mama, uko tayari kuchora?"

Mwanamke alikuwa ameshika pochi yake kwa mikono miwili. "Mimi sijawahi kuota ndovu," alisema.

"Nyamaza," mzee alimwambia.

"Sijawahi," alirudia, bila kupandisha sauti. "Kanisani wananiita niombee watu ndoto zao. Mama mmoja ameniletea mtoto mgonjwa ati nimwekee mikono. Nimechoka kudanganya, Baba. Rudisha kitu ya wenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke huyo siku hiyo. Ilibidi nitafute pengine pa kuiweka chuki yote ile, na mwenye kuistahili alikuwa amesimama mlangoni. Kwa hiyo nilimwekea mzee sharti. Sikutaka chochote cha mfuko wake. Nilitaka asimame palepale karakanani aliposimama, mbele ya watu walewale, na kipaza sauti, aseme ni nani aliyechora.

"Na nikisema hivyo, utanirudishia ndovu?"

"Wewe sema kwanza."

Alichelewa, lakini mauzo hayakumngoja, yakazidi kuanguka. Aliwaita watu akidai anazindua bodi mpya ya gari. Nilienda nimevaa nguo yangu ya harusi za watu, nikakaa mbele. Alizungumza juu ya bodi kwa muda mrefu. Kisha akasema chini chini, kama mtu anayekohoa, kwamba ndovu wa awali alichorwa na fundi mmoja wa zamani.

"Sema kwa sauti!" niliita. "Na fundi ana jinsia!"

Watu waligeuka. Yule mwanamke aliyepanga vikombe siku ile alikuwapo, na safari hii hakuinamisha macho. "Sema, mzee," alimwambia. "Tulimwona akichonga."

Akasema. Alisema jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo, na kwamba hapakuwa na ndoto. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola. Mkewe alikaa ametulia, mikono mapajani, kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

Baadaye mzee alinifuata getini. "Nimefanya ulivyotaka. Leta ndovu sasa."

"Nilikwambia useme," nilimjibu. "Sikukwambia nitakuchorea."

Nafikiri alitaka kunipiga, lakini watu walikuwa wengi. "Wewe ni mtu mbaya sana," alisema.

"Ulinifunza mwenyewe. Lakini hilo usiende kulisema redioni, usije ukasema ni mkeo aliyenifunza."

Hapa Bungoma kuna mafundi kadhaa, ndugu na binamu, waliokuwa wameanza kuunda magari ya aina hiyohiyo na hayakuwa na uso bado. Niliwapelekea ndovu. Nilikuwa nimemchonga upya, mkonga mzima, pembe nene, jiwe lenye makali. Sasa Kitale nzima ilikuwa imesikia kwa kinywa cha mzee mwenyewe kwamba ndovu ni wangu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuniuliza kwa nini nimempeleka ninakotaka. Ndugu mkubwa wa mafundi wale alimpapasa kwa kidole gumba akauliza, "Huyu anafanya nini na jiwe, dada?" Nilimweleza habari za mapango, na za nyanya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba niandike jina langu upande wa nyuma, pale pasipoonekana, nami nikakataa, nikaliandika kwa mbele.

Mama yangu anasema sasa nimeshinda, nimsamehe ili nilale vizuri. Namwambia nalala vizuri sana. Mchungaji naye amejaribu. Wote wawili wanafikiri hasira ni jiwe la moto unaloshika mkononi. Yangu ilikuwa ya kazi. Nilikuwa nikiamka nayo asubuhi nikaitumia kama patasi, na ikishakata naiweka chini.

Mzee ameng'oa nguruwe kwenye magari yake. Hakupata mtu wa kumchorea mnyama mwingine, au aliogopa kumtafuta, kwa hiyo ameweka herufi tu za jina la gari, zilizokatwa kwa bati na kupakwa rangi ya fedha. La kwanza nililiona Misikhu, limeegeshwa karibu na wachoma mahindi, herufi moja imeshaanza kubanduka pembeni. Nilinunua muhindi, nikatafuta kivuli mkabala nalo, nikala polepole, punje kwa punje, nikiliangalia mpaka dereva wake akaja akaliondoa.